Mchungaji aliyechora sura za marehemu wasio na picha: uzi wa kumkumbuka mzee wetu wa Tanga

Mjukuu wa Manamba (#1)

Habari za jioni wakuu.

Jumamosi tumemzika Baba Mchungaji hapa Tanga. Familia imenipa ruhusa ya kuandika, ila wameomba jina lake lisitajwe, nami nimekubali. Waliokaa Chuda na Mabawa watamjua kabla sijafika mbali. Ni yule mzee mrefu wa baiskeli ya Phoenix, makopo ya rangi kayafunga nyuma kwa mpira wa tairi.

Sikupanga kuandika. Kilichonisukuma ni wasifu wa marehemu. Ulisomwa vizuri, na aliyeusoma ni mtu ninayemheshimu sana. Tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, chuo cha theolojia, mitaa aliyotumikia, makanisa mawili aliyosimamia ujenzi wake, kuomba kupumzika kabla ya muda. Halafu mwishoni kabisa, kabla ya kuhesabu watoto na wajukuu: "Marehemu pia alipenda kuchora." Basi. Maneno manne.

Nilikuwa nimekaa nyuma chini ya turubai. Mbele yangu walikaa kina mama watatu wa Makorora, na mmoja wao alikuwa amepakata kitu cha bapa alichokiviringisha kwenye kanga. Upepo ulipoifunua ile kanga nikaona pembe ya hadibodi, na kwenye pembe ile rangi ya udongo mwekundu ninayoijua. Mama yule alikuja msibani na picha ya mwanawe. Aliipakata tangu ibada inaanza mpaka tunarudi kutoka makaburini, hakuiweka chini hata mara moja.

Huyo mama hakuja kumzika mtu aliyependa kuchora.

Kwa hiyo nasema ninachokijua. Kwa Baba Mchungaji kuchora hakukuwa burudani ya uzeeni baada ya kazi kwisha. Ndiyo kazi yenyewe, na kwa macho yangu ndiyo aliyoifanya vizuri kuliko zote. Nitaandika kidogo kidogo kwa sababu natumia simu, mnivumilie.

Mjukuu wa Manamba (#2)

Lazima nianzie kwenye mkonge, maana bila kambi za mkonge huyu mzee hamtamwelewa.

Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika huku ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Mistari ile unayoiona dirishani ukitoka Segera kuja Tanga mjini ilianzia kwenye hiyo 62. Kufika 1964 nchi ilikuwa inatoa tani kama 230,000 kwa mwaka, na dhahabu ya kijani ndiyo iliyojenga nusu ya mji huu.

Wa kuukata walitolewa mbali: Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi. Kulikuwa na ofisi ya kuwakusanya iliyoitwa SILABU, ilianza 1944. Mtu akiandikwa anapewa namba, ndipo likaja hilo jina la manamba. Mkononi anapewa kipande, kadi yenye nafasi 30, kila siku aliyomaliza kazi inatiwa alama, na mshahara hautoki mpaka nafasi zote 30 zijae. Ukiumwa siku kumi, kipande kinakusubiri.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuja kijana, akamuoa bibi, Mbondei wa huku huku, na hakurudi kwao tena. Mashamba yakataifishwa 1967, bei ya katani ikaporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, na korona ya shamba lao, yaani kiwanda cha kuchuna katani, ikafungwa. Watu wakabaki kambini na nyumba zao za mistari. Babu alifariki 1988. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Alichoacha ni panga, koti moja na kipande kimoja cha zamani ambacho namba yake bado inasomeka.

Baba Mchungaji ndiye aliyekuwa na mtaa wenye kambi zile. Sasa hii niliyomsikia akiisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, naiandika kama alivyoisema.

Alimzika mzee mmoja wa kambini, si babu yangu, ni mwingine. Makaburini walikuwa watu watano, yeye na wachimbaji wanne. Baada ya miezi mingi ikaja barua kutoka kwa dada wa yule mzee, kaandikiwa na mtoto wa shule. Hakudai mali. Aliuliza kama kuna picha ya kaka yake, hata kama imechanika, kwa sababu aliondoka nyumbani dada akiwa mdogo na sura imempotea.

Usiku ule Baba Mchungaji aliwasha kibatari, akachukua karatasi ya matangazo ya Jumapili, akaigeuza upande mweupe na kujaribu kuuchora uso wa yule mzee. Akashindwa. Alikumbuka kikohozi chake. Alikumbuka shati lake lenye kiraka cha gunia begani. Uso ukamkimbia.

"Nilimpa Meza ya Bwana miaka sita," alikuwa anasema, "nilikuwa naiona mikono tu. Sikuwahi kumtazama."

Alijibu ile barua bila picha. Toka siku hiyo akaanza kununua madaftari ya shule na penseli.

Ndege Tausi (#3)

Mkuu nimesoma hapo kwenye mikono nikasimama kwanza. Poleni na msiba. Endelea, tupo.

Mtoto wa Makorora (#4)

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni Muislamu, na naomba niseme langu kabla hujaendelea.

Marhum baba yangu alikuwa anauza maji kwa baiskeli, madumu sita, barabara zote za Ngamiani zinamjua. Alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano. Yule mzee alikuja kuhani kama jirani. Siku ya arobaini ilipopita akamuuliza mama kwa adabu kama angependa achorewe. Mama akamwambia, "Baba yangu nakushukuru, lakini sisi sura hatuweki ukutani." Mzee akasema, "Basi nisamehe mwanangu," akaondoka. Tukajua yamekwisha.

Kama baada ya wiki mbili akarudi akaomba kuiona baiskeli. Ilikuwa nyuma ya nyumba, imeegemezwa kwenye mwembe, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuipanda. Akakaa na daftari lake kuanzia baada ya alasiri mpaka magharibi inaingia. Hakuichora mpya. Aliichora na tandiko lake lililochanika ambalo baba alilivisha mfuko wa nailoni, na madumu yake sita, moja la njano halina mfuniko, limezibwa kwa kibunzi cha mahindi. Kofia ya baba kaitundika kwenye usukani. Hakuna mtu kwenye picha.

Mama yangu mpaka leo akiingia mgeni anamwambia, "Huyo ni mume wangu." Na mgeni anaelewa.

Hakuchukua senti. Mama alimpelekea bamia.

Mjukuu wa Manamba (#5)

@Mtoto wa Makorora, Mungu amrehemu mzee wako. Hiyo picha nilikuwa nimeisikia, sikujua ni ya nani. Asante.

Sasa niseme ya kwetu.

Ilikuwa 1999. Babu ana miaka kumi na moja kaburini na bibi amehamia kwetu Mabawa. Baba Mchungaji alishapumzika kazi ya usharika. Akaja asubuhi moja, baada ya shikamoo na marahaba na uji, akamwambia bibi amekuja kwa ajili ya mzee. Bibi akasema, "Mzee gani tena, na wewe ndiye uliyemzika?"

Nilidhani angeuliza alikuwaje sura, mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Akila, alikuwa anatafuna upande gani?"

Bibi akacheka. "Wa kulia. Wa kushoto meno yalikwisha."

Akachora shavu la kushoto limeingia ndani.

"Akiudhika?"

"Hasemi. Mdomo unameza midomo."

"Katika hawa wajukuu, nani kachukua masikio yake?"

Bibi akanyoosha kidole kwangu. Nikaitwa, nikasimamishwa mlangoni penye mwanga, mzee akanigeuza kichwa taratibu kwa vidole viwili vinavyonuka tapentaini. Mpaka leo masikio yaliyo kwenye ile picha ni yangu.

Alikuja mara nne. Mara ya kwanza bibi alitazama akasema, "Huyo simjui." Mzee akafuta yote. Sikuona amekunja uso, sikusikia akijitetea. Alipuliza uchafu wa kifutio, akaanza upya kwa swali jingine: alikuwa anavaaje kofia, alikuwa anamwangaliaje mtoto akianguka. Mara ya pili bibi akasema, "Huyo ni kaka yake." Na kaka yake Baba Mchungaji hajawahi kumwona! Mara ya tatu bibi alitazama, akajivuta kanga kichwani, akainuka, akaenda jikoni akawa anapuliza moto ambao haukuwa umezimika. Mzee akanikonyeza nisimfuate. Alikaa pale na penseli yake kimya, akakusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga.

Mara ya nne alikuja na rangi. Akataka na mikono ionekane, ingawa wengine aliishia mabegani. Alisema mtu aliyeshika panga miaka thelathini huwezi kumkata mabegani. Akachora mkono umelala juu ya goti, ngozi imekauka kwa yale maji ya mkonge yanayowasha, makovu madogo madogo ya miiba. Bibi akasogea karibu na macho yake mabovu, akaweka kidole.

"Gumba halikuwa na kucha."

Mzee akalifuta lile ukucha kwa kitambaa, akaliziba kwa rangi ya ngozi. Bibi akasema, "Haya. Sasa karudi."

Ilitundikwa juu ya redio. Bibi kila akifagia alikuwa anaipangusa kwa upindo wa kanga, kwanza gumba, halafu uso. Bibi naye ameshatangulia. Picha iko kwa mama yangu na pale kwenye gumba rangi imelika.

Msomaji wa Kange (#6)

Naheshimu simulizi na nawapa pole wafiwa. Lakini niulize kwa nia njema kabisa. Mtu amewekewa mikono, ameapa mbele ya madhabahu. Kuacha kondoo ukaenda kuchora picha, hata ziwe nzuri namna gani, si kuukimbia wito huko? Wapo wengi tulioachwa bila mchungaji vijijini miaka ile.

Mjukuu wa Manamba (#7)

Swali lako ni la haki, na wala si geni. Wazee wa baraza walimuuliza hilo hilo, wengine kwa maneno makali kuliko yako. Walisema mchungaji mzima hawezi kushinda kachafuka rangi kama fundi wa kupaka nyumba. Mmoja alisema sura za wafu ni ushirikina. Sitaki kufukua mengi hapo, waliobaki ni watu wazima na walikuja kumzika.

Yeye alikuwa na namna yake ya kujibu. Ukutani kwake, pale Chuda, palikuwa na karatasi ya kalenda ya zamani waliyomwachia wageni wa kanisa kutoka ng'ambo. Miezi imekatwa, imebaki picha: watu watano wamezunguka meza chini ya taa ya mafuta, wanakula viazi. Nyuso ngumu, vidole vya mifupa. Ukimuuliza, anavuta kigoda.

Aliyeichora ile ni Vincent van Gogh, Mholanzi. Watu wanamjua kwa maua ya alizeti, wengi hawajui kwamba alitaka kuwa mchungaji. Baba yake alikuwa mchungaji. Yeye mwenyewe alihubiri Uingereza 1876, akaanza masomo ya kuingia theolojia Amsterdam akayaacha, na mwisho wa 1878 akaenda Borinage, Ubelgiji, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, akapewa miezi sita ya majaribio awe mhubiri wa wachimbaji.

Alipofika hapa Baba Mchungaji alikuwa anashusha sauti. Kijana yule alishuka shimoni mita 700, kwenye mgodi wa Marcasse ulioogopwa, kwa sababu hakutaka kuhubiria watu asiojua wanakoshinda. Nguo zake nzuri akagawa. Akahama nyumba aliyopangishiwa akaenda kulala kwenye majani makavu kibandani. Aprili 1879 mgodi wa jirani ulilipuka, wakafa zaidi ya watu 100, na yeye alikuwa anachana mashuka yake kufunga majeraha ya walioungua. Wakubwa wake walipokuja kukagua hawakupenda hali aliyoishi. Mkataba haukuongezwa. Taarifa yao ilisema hana kipaji cha kuhubiri.

Mwaka uliofuata, akiwa kule kule kwa wachimbaji, ana miaka 27, akaamua kuwa mchoraji. Ile picha ya kwenye kalenda, ya watu wanaokula viazi, aliichora 1885, na alimwandikia mdogo wake Theo kwamba alitaka ionekane kuwa mikono inayoingia kwenye sahani ndiyo hiyo hiyo iliyochimba ardhi.

Sasa Msomaji wa Kange, kuna picha nyingine ya huyo huyo ambayo mzee alionyeshwa kitabuni na hakuisahau. Ni ya Msamaria Mwema. Vincent aliichora 1890, akifuata kazi ya Mfaransa Delacroix, wakati mwenyewe yuko mahali pa kutibiwa wagonjwa wa akili. Mbele, Msamaria anamnyanyua yule majeruhi kumpandisha juu ya mnyama, mgongo umepinda kwa uzito. Nyuma kabisa, njiani, wale wawili waliompita wanaendelea na safari zao, wamekuwa wadogo.

Mzee alikuwa anasema, "Yule kuhani anayekwenda zake, mgongo ule ni wangu. Ni mimi kambini miaka sita."

Hakuwahi kusema wito uliisha. Alihubiri alipoitwa, alizika alipoombwa, hata baada ya kuomba kupumzika akiwa na miaka 54. Ila alisema kwenye mimbari alikuwa anaongea yeye na watu wanasikiliza, na kwenye kuchora ni watu wanaongea, yeye anasikiliza, na hawezi kujifanya amesikia kwa sababu penseli itamuumbua.

Vijijini mlioachwa bila mchungaji, hilo siwezi kulifuta. Ni kweli liliuma.

Msomaji wa Kange (#8)

Nimekuelewa. Hilo la mwisho nashukuru umelikubali. Bibi yangu alizikwa na mwinjilisti kijana aliyekosea jina lake mara mbili. Labda ndiyo maana nimeuliza.

Fundi Vibao (#9)

Mimi nilijifunza kushika brashi kwake, niliacha shule nikawa nazurura pale Deep Sea kwa wavuvi. Alikuwa anakuja kuandika majina ya ngalawa na mashua kwa malipo. Watu walishangaa mchungaji anaandika majina ya vyombo, hawajui zile hela ndizo zilizonunua rangi za wale wasiolipa. Vibao vya maduka, milango ya kinyozi, yote alifanya, na herufi zake zilikuwa zimesimama sawasawa kama askari.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hadibodi alikuwa anaomba mabaki kwa mafundi dari. Upande laini anausugua na msasa utoke ule mng'ao, anapaka rangi ya maji nyeupe mara mbili, anaacha usiku kucha. Mara nyingine hana hadibodi, anachukua gunia la katani, analivuta kwenye fremu ya mbao, analiziba vitundu kwa gundi ya seremala iliyochemshwa ndipo analipaka. Gunia lilikuwa linakunywa rangi mno, lakini alipenda likitumika kwa watu wa kambini.

Ngozi ndiyo iliyonishinda mimi muda mrefu. Nilikuwa nachukua kahawia natia nyeusi. Akaniambia, "Ukitia nyeusi umemzika mara ya pili." Alinifundisha kuchanganya kahawia na bluu upande wa kivuli, na ule udongo mwekundu upande wa mwanga, na kidogo sana njano kwenye paji la uso. Kopo la nyeusi alikuwa nalo, la kuandikia ngalawa tu.

Na macho alikuwa anayamalizia mbele ya wenyewe. Hapeleki picha yenye macho. Anafika nayo, anakaa nao, ndipo anatia ile nukta nyeupe ya mwanga. Niliwahi kumfuata Pongwe kwa baba aliyefiwa na binti. Nukta ilipoingia, yule baba akasogeza kiti nyuma.

Ndege Tausi (#10)

Hizo picha ziko wapi sasa? Kuna mahali zimehifadhiwa?

Mjukuu wa Manamba (#11)

Ndilo lililo moyoni mwangu, Tausi.

Nyingi ziko kwenye kuta za watu, na ndipo alipotaka ziwe. Lakini ziko ambazo hazikuchukuliwa: familia zilihama, au mtu alifariki kabla picha haijakwisha. Hizo ziko stoo nyuma ya nyumba yake, pamoja na madaftari. Na madaftari kwangu ni makubwa kuliko picha. Kila mtu ana ukurasa wake. Jina, siku ya maziko, halafu maneno ya familia kama walivyoyatamka. Nimeona ukurasa mmoja tu: "Mama yake anasema: alikuwa akilala mdomo wazi. Shangazi anakataa." Hivyo tu, na chini yake midomo mitatu imechorwa, mmoja umezungushiwa duara.

Niwarudishe kwa Vincent mara moja. Alifariki Julai 1890 akiwa na miaka 37. Theo, aliyekuwa anamtumia hela za rangi na kutunza kila barua, alifariki miezi sita baadaye. Akabaki mke wa Theo, Jo, ana miaka 28, mtoto mchanga mkononi, na nyumba imejaa picha ambazo wengi hawakuziona kuwa kitu. Alishauriwa aachane nazo. Hakuziachia. Alizisafirisha, akazitundika, akapigania maonyesho mpaka 1905 zikajaza jumba kubwa la makumbusho la Amsterdam, na 1914 akatoa barua za shemeji yake katika vitabu vitatu. Kama si huyo mwanamke, karatasi ya kalenda isingefika Chuda na Baba Mchungaji asingekuwa na mtu wa kumwonyesha njia.

Sisi hatuna haja ya jumba. Stoo ile bati limetoboka, na masika ndiyo haya yanakuja. Nimeongea na mkwewe, yule aliyemuuguza, amekubali tuzitoe wiki hii. Wenye picha yake ukutani naomba mwipige kwa simu, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma alikuwa anaandika. Mkiona sawa, ziwekeni hapa. Kama familia haitaki ionekane, andikeni tu kwamba ipo, na ni ya nani kwenu.

Binti wa Pongwe (#12)

Ipo moja kwa mama mkwe. Ni ya shemeji yangu aliyekufa maji. Kamchora na shati la shule ambalo alilichukia. Nyuma imeandikwa: "Mama anataka shati hili. Nimemwachia kifungo wazi kwa ajili yake mwenyewe."

Nimeishi na picha hii miaka tisa, sijawahi kuigeuza mpaka leo.

Mtoto wa Makorora (#13)

Nimemwomba mama, ameruhusu. Baiskeli hiyo hapo. Nyuma ameandika tarehe ya Kiislamu ya kifo cha baba, na ameiandika sahihi. Sijui aliuliza kwa nani.

Fundi Vibao (#14)

Ninazo mbili. Na siku ya kutoa stoo nitakuja na mkokoteni na maturubai, nauli msifikirie.

Mjukuu wa Manamba (#15)

Wakuu, mrejesho.

Jana tumezitoa. Tulikuwa mimi, mkwewe, Fundi Vibao na vijana wawili wa mtaani ambao hakuna aliyewaita. Picha 31, madaftari manne, moja limeliwa na mchwa robo tatu. Saba zimeota ukungu, Fundi anasema tano atazisafisha. Zote ziko chumba cha mbele sasa, zimeegemezwa ukutani kuzunguka. Mkwewe alisita mlangoni, akasema amepata haya kupita katikati yao na ndoo ya kudekia.

Tumekaa mpaka usiku kulinganisha picha na madaftari. Thelathini tumezipata majina. Wanane ni wa kambini, na wawili kati yao kwao ni Kasulu, nitawaandikia wa huko wiki hii.

Imebaki moja. Iko kwenye gunia, si kwenye hadibodi. Ni mwanamke wa makamo, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza mlango. Kovu fupi linakata nyusi ya kulia. Kanga nyekundu ya korosho imefungwa chini ya kwapa. Meno ya mbele yana mwanya. Macho yameshatiwa nuru, jambo ambalo hakulifanya bila familia kuwepo, kwa hiyo kuna watu walikaa naye siku hiyo. Lakini katikati ya uso pako peupe, rangi ya chini inaonekana. Nyuma ameandika kwa penseli: "Pua bado. Muulize dada yake."

Hana ukurasa kwenye madaftari, au alikuwa kwenye lile la mchwa.

Fundi Vibao amekataa kuigusa mpaka apatikane wa kumuuliza. Kama wewe ndiye dada yake, au unamjua dada yake, andika hapa hata neno moja. Mlango wa Chuda uko wazi kuanzia saa tatu asubuhi.